Adabu ya Sinema Huanzia Dirisha la Tiketi

Vibanda vya video vya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hapa Malawi, kama vile vya viungani mwa Lilongwe, vina sifa mbaya inayorudiwa na wazee, walimu na viongozi wa dini: watazamaji wake hawana adabu. Husukumana mlangoni, husimama mbele ya wenzao, hung'ang'ania nafasi, hupiga kelele picha ikiendelea. Wanaolalamika huongeza kwamba zamani, enzi za majumba makubwa ya sinema, watu walijua kukaa. Dai hilo lina ukweli ndani yake, maana kumbi za pwani ya Afrika Mashariki zilijaa hadi kiti cha mwisho kwa miongo kadhaa, na watu wakarudi wiki iliyofuata wakiwa na watoto na wazee wao. Kosa liko katika sababu inayotolewa. Watazamaji wa zamani hawakuwa watu bora kuliko wa leo. Nikiifuata historia ya sinema kutoka Unguja mpaka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, naona kwamba adabu ya ukumbi uliojaa ilijengwa kwanza na mwenye ukumbi, kwa namna alivyomtendea mteja. Alipomuuzia kiti na kumhakikishia kiti hicho, mteja aliketi kama mtu mwenye chake. Alipomwona kuwa mtu wa kuchungwa au wa kujazia nafasi, mteja naye alijitafutia haki kwa viwiko.

Unguja ndiko mahali pa kuanzia. Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa Kihindi, alianza kuonyesha picha mjini humo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1921 likafunguliwa huko Vuga jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza aliyechora pia majengo kadhaa ya serikali ya kikoloni mjini. Jumba hilo liliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata likasimama jipya kwa jina la Majestic. Waliojenga na kuendesha kumbi za namna hii, Unguja na baadaye Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mwanza, wengi wao walikuwa wakazi wa miji hiyohiyo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha kwa ushahidi mwingi jinsi wamiliki hao walivyojali jina lao mjini kuliko faida ya siku moja. Mtu aliyefedheheshwa mlangoni Jumapili jioni walikutana naye Jumatatu sokoni, na habari za dhuluma katika mji mdogo hazihitaji gazeti. Kwa hiyo tiketi ilikuwa ahadi. Mabenchi ya mbele, karibu kabisa na pazia, yalikuwa ya bei nafuu; viti vya nyuma vilizidi bei; na juu, kwenye roshani, walikaa waliojiweza. Mpagazi wa bandarini, karani na mwenye duka waliitazama picha ileile, saa ileile, chini ya paa moja, kila mmoja akijua mahali pake ni wapi na kwa nini.

Msomaji makini ataniuliza kama huo haukuwa ubaguzi uleule uliovikwa nguo ya bei. Ni swali la haki. Katika Unguja ya kikoloni fedha ilifuata rangi na ukoo kwa kiasi kikubwa, na hakuna haja ya kujidanganya kuhusu nani alikaa mbele kwenye mbao na nani alikaa juu kwenye mto. Lakini tuangalie majirani. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1953 ya kutenga huduma za umma iliupa utengano nguvu ya mahakama. Northern Rhodesia, sinema za mijini zilibaki za Wazungu kwa muda mrefu. Kongo ya Wabelgiji, filamu zilichujwa upya kwa ajili ya macho ya Mwafrika na maonyesho yake yakatengwa. Huko, katika kumbi za Wazungu, hapakuwa na bei yoyote ambayo Mwafrika angeilipa akapewa kiti. Unguja bei ilikuwa kizuizi, ila kizuizi ambacho mpagazi aliweza kukivuka siku ya mshahara au ya sikukuu, akakaa nyuma alikokaa karani. Anayejua uchungu wa kukataliwa fedha yake ataiona tofauti hiyo. Ilikuwa na matokeo ndani ya ukumbi pia: kwa kuwa haki ya kukaa ilitokana na tiketi, ugomvi wa kiti ulikuwa na hukumu iliyokubaliwa na wote. Toa tiketi tuone. Pale ambapo haki ya kukaa hutokana na rangi, ubabe au kujuana na mlinzi, hukumu ya namna hiyo haipo.

Ushahidi mzito zaidi ni maonyesho ya wanawake. Katika miji ya pwani, hasa miaka ya 1950 na 1960, wamiliki walitenga maonyesho maalumu ambayo wanaume hawakuruhusiwa kuingia, na wanawake waliovaa buibui, ambao kuchanganyika na wanaume gizani kungewaletea maneno, walijaza ukumbi mzima wakitazama picha za Kihindi. Wapo wanaoona katika jambo hilo kutengwa kwingine. Mimi naona mfanyabiashara aliyesoma heshima ya mji wake akabadilisha ratiba yake kuifuata, badala ya kumtaka mteja abadilike. Hakuna aliyewahutubia wanawake kuhusu ustaarabu wa kisasa. Walipewa saa yao, mlango wao na ukumbi wao, nao wakaja kwa wingi. Huo ndio ukarimu kwa mteja kwa maana yake kamili: kumwondolea kinachomzuia asije, kabla hajalazimika kukilalamikia.

Sasa tuje upande wetu wa Ziwa Malawi. Mwaka 1935 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulituma lori lenye mashine ya kuonyeshea picha kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Northern Rhodesia na Nyasaland. Baada ya vita, kuanzia mwaka 1948, Central African Film Unit ikachukua kazi ya namna hiyo kwa Rhodesia mbili na Nyasaland, ikitengeneza filamu za kilimo, afya na mwenendo mwema. Watu wa vijijini walikaa chini, wakasimama, wakapanda miti. Kwa kawaida hawakulipa, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mteja mahali pale. Palikuwa na mwanafunzi. Wenye mradi waliandika sana juu ya jinsi Mwafrika anavyoielewa picha, anavyocheka pasipo pake na anavyoshtuka. Swali la mahali atakapokaa halikuwashughulisha. Kwenye migodi ya shaba ya Copperbelt, Northern Rhodesia, hali ilifanana: Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Luanshya mwaka 1953 na 1954, alikuta maonyesho ya wazi yenye watu zaidi ya elfu moja, wakimshangilia mchunga ng'ombe wa kwenye picha kwa kelele zilizofunika sauti ya filamu. Wakoloni wengi walichukua kelele hizo kuwa tabia ya kuzaliwa. Lakini miaka hiyohiyo, Waafrika waliokuwa na tiketi mkononi walikuwa wamekaa kwenye safu za viti huko Unguja na Dar es Salaam. Kama ni tabia ya kuzaliwa, ilipotelea wapi katikati ya njia?

Hapa yafaa nijibu pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine, la wale wanaosema kwamba hata pwani watu waliongea picha ikiendelea, kwa hiyo adabu ninayoisifu haikuwapo. Ni kweli waliongea. Walimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma yake, waliimba nyimbo walizozijua, na aliyeelewa Kihindi kidogo alimfasiria jirani yake. Ila kuchukua ukimya kuwa kipimo pekee cha adabu ni kuazima kipimo kipya sana. Ulaya yenyewe, watazamaji wa maigizo na opera kwa karne nyingi walipiga soga taa zikiwa zinawaka. Richard Wagner alipozima taa za ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876, lilikuwa jambo la kushangaza. Marekani, kumbi ndogo za sinema za mwanzoni mwa karne ya 20 zilionyesha kwenye pazia tangazo la kuwaomba mabibi wavue kofia zao pana zinazowazuia walio nyuma. Wenye kumbi hizo walielewa kwamba kero kubwa ya ukumbi uliojaa ni kuzibwa usione ulicholipia. Na kwa watu wanaotazama filamu ya lugha wasiyoijua, sauti ya jirani anayefasiri ni huduma. Ndiyo maana baadaye Tanzania ikampata Lufufu, Kenya DJ Afro, na Uganda ma-VJ wake: kazi ya yule jirani mkarimu ikawa kazi ya mshahara, na sauti yake ikapewa kipaza.

Pingamizi jingine linagusa hoja yangu yenyewe. Kama wamiliki walikuwa waungwana hivyo, mbona tiketi za Jumapili ziliuzwa kwa ulanguzi? Vijana walizinunua mapema, wakaziuza nje kwa bei ya juu kwa baba aliyekwishaahidi familia yake, na mbele ya dirisha watu walibanana vibaya. Siwezi kulifunika hilo, na pale dirishani adabu ilivunjika kweli. Lakini tazama ilivunjika wapi. Ilivunjika mahali ambapo mwenye ukumbi alikuwa bado hajatoa ahadi. Mlanguzi asingekuwa na cha kuuza kama kipande kile cha karatasi kisingemhakikishia mtu kiti. Hakuna anayelangua ruhusa ya kwenda kusimama ukutani.

Mambo yalibadilika kwa sababu zinazojulikana. Zanzibar, sinema zilichukuliwa na serikali baada ya mapinduzi ya mwaka 1964; Bara, sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iligusa kumbi nyingi, na mwenye kiburi cha jina lake akaondoka mlangoni. Televisheni ikafika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, kanda za video zikafuata, na kufikia miaka ya 1990 kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa. Malawi ilipitia njia yake. Lilongwe ilifanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975, chini ya utawala uliokuwa umekwisha kuweka bodi ya kuchuja filamu kwa sheria ya mwaka 1968, na televisheni ya taifa haikuanza mpaka mwaka 1999. Hivyo kwa watu wengi wa mitaani sinema ilianzia kwenye kibanda cha video, bila kupitia jumba lenye viti vya namba. Tanzania kibanda hicho huitwa banda umiza, jina lililotungwa na watu waliokuwa na mbavu zilizobanwa. Fedha unayolipa mlangoni inakununulia kuingia. Utakaa wapi, na kama utakaa, ni shauri lako na nguvu zako. Tofauti yote kati ya Majestic na banda umiza, kwa suala ninalolizungumzia, iko hapo.

Dzaleka inaonyesha hilo waziwazi. Mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, pakafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, na palipangiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Sasa tunazidi 50,000. Kubanana tunakujua kwenye bomba, kwenye foleni ya mgao, darasani. Mwenye kusema kwamba watu wa namna hii wamepoteza adabu aangalie tamasha la Tumaini, lililoanza mwaka 2014: maelfu ya wageni huja kutoka Lilongwe na mbali zaidi, na zipo familia za kambini ambazo huwalaza wageni hao nyumbani mwao. Watu ni walewale, wa mitaa ileile. Kinachobadilika ni kwamba kwenye tamasha mgeni huchukuliwa kuwa mgeni tangu anapowasili.

Wenye vibanda hujibu kwamba uungwana ni wa matajiri, kwamba kwa kiingilio kidogo na bei ya umeme ni lazima wajaze watu mpaka mlango usifungike. Ugumu huo nauelewa, na ni kweli pia kwamba watu hukubali wenyewe kubanana ili wasikose mechi au picha mpya. Lakini kiti cha ziada kina gharama yake. Tarehe 13 Juni 1997 jumba la sinema la Uphaar mjini Delhi lilishika moto; watu 59 walikufa, wengi wao kwa moshi wakiwa kwenye roshani, ambako wamiliki walikuwa wameongeza viti vilivyoziba njia ya kutokea. Kesi ilikwenda miaka mingi mpaka Mahakama ya Juu ya India. Roshani ile ilikuwa ya watu waliojiweza, na heshima waliyonyimwa ilikuwa ileile anayonyimwa kijana wa Dzaleka anayeuziwa nafasi katika chumba cha mlango mmoja. Wamiliki wa Unguja nao waliuza mabenchi ya bei ya chini kwa watu wenye kipato kidogo, nao walihitaji faida. Waliipata kwa kugawa bei na kurudia onyesho zaidi ya mara moja kwa siku. Kibanda chenye mabenchi kumi ya watu watano watano kina nafasi hamsini, na mteja wa hamsini na moja anaweza kuuziwa tiketi ya onyesho la saa mbili usiku, akaambiwa hivyo mlangoni kabla hajatoa fedha yake.