Kicha cha Funguo, Sababu Kibao

Funguo zilizotiwa kwenye pete moja Mwingereza huziita "a bunch of keys". Sisi tuna kicha cha funguo. Ndizi zikiwa bado mgombani, neno lake ni lilelile "bunch", letu ni mkungu. Maua tunayafunga shada. Hizi ni nomino za makundi, na hapa kamusi inamtosha mfasiri.

Taabu huanza Mwingereza anaposema "a bunch of reasons". Sababu hazifungwi kwa kamba. Neno limekwisha kuacha unomino wake, likawa kivumishi cha idadi ya jumla, ndugu yake "-ingi". "Lot" ilipita njia hiyo zamani: ilikuwa kipande cha mti cha kupigia kura, ikawa fungu alipatalo mtu katika mgawo, ikawa fungu la bidhaa mnadani, na leo "a lot of" ni wingi mtupu.

Kipimo ni upatanisho wa kisarufi. Katika "a lot of people are here", kitenzi kinafuata watu, hakifuati "lot". Kwetu vilevile: kundi la watu limefika, lakini watu kibao wamefika. Kwa hiyo anayeandika "nina tani za kazi" amefasiri mizani ya mwenzake; kazi zenyewe ni chungu nzima. Na hiyo chungu si ya jikoni, maana ya jikoni ingekuwa chungu kizima. Ni chungu ya ngeli ya I-ZI, yaani lundo, nayo imesafiri kama "lot".

Vitabu vya shule hupenda zaidi thurea ya nyota, neno zuri ambalo asili yake ni jina la Kiarabu la Kilimia. Waingereza nao wana "a murder of crows", iliyoorodheshwa katika kitabu cha mabwana wa uwindaji kilichochapwa 1486. Sokoni hutasikia hata moja.

Kilichobaki ni kuchagua rejista. Lukuki inakaa vizuri gazetini. Kibao na kedekede ni za barazani. Lakini "a bunch of liars" isikupeleke kwenye kibao, kwa kuwa msemaji hahesabu, anatukana. Andika: waongo watupu.