Kitendawili huhitaji wawili: Mtegaji, mteguaji na mji unaotolewa

KITENDAWILI ni kauli fupi yenye fumbo ambayo mtu humtolea mwenzake ili aifumbue. Katika fasihi simulizi, kitendawili huwekwa katika utanzu wa semi, pamoja na methali, mafumbo, nahau na vitanza ndimi.

Maelezo hayo hupatikana katika vitabu vingi vya shule. Jambo ambalo aghalabu halitiliwi mkazo ni kwamba kitendawili si swali na jibu tu. Ni tukio baina ya watu. Mzee anaweza kutamka methali na kunyamaza, na methali ikawa imetimia. Lakini mtu anayesema "Nyumba yangu haina mlango" akiwa peke yake hajatega chochote. Kauli hiyo hugeuka kitendawili pale tu mwenzake anapokubali kuihangaikia.

Utaratibu wa kutega

Katika jamii ya Waswahili, kikao cha vitendawili hufuata hatua zinazojulikana na wote:

(a) Mtegaji hutangaza, "Kitendawili!"

(b) Hadhira huitikia, "Tega!" Kuitikia huku ni kukubali changamoto. Pasipo kuitikiwa, mtegaji hana ruhusa ya kuendelea.

(c) Mtegaji hutoa fumbo lake, kwa mfano, "Wanangu ni watatu, mmoja akiondoka hatuli."

(d) Hadhira hujaribu kutegua. Mtu hutoa jibu, likikataliwa mwingine hujaribu.

(e) Wakishindwa, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Hadhira humtajia mji, labda Lamu au Kisumu. Mtegaji ana hiari ya kuukataa mji asioupenda na kudai mwingine.

(f) Akiridhika, husimulia jinsi alivyokwenda katika mji huo, akala, akanywa, akapokewa kwa heshima, kisha hutoa jibu: mafiga.

Hatua ya mji ndiyo huwafurahisha watoto zaidi, lakini pia ina kazi yake. Mji ni faini ya kushindwa. Hadhira haipati jibu bure, nayo aibu ya kushindwa hulainishwa kwa kicheko. Aidha, mtegaji hupewa nafasi ya kuonyesha ufundi wake wa kusimulia. Mchezo mmoja hivyo hukutanisha fikra, ushindani na utani.

Katika jamii nyingi za Kenya, vitendawili vilitegwa jioni, baada ya kazi, watoto wakingoja chakula kiive. Kutega mchana kulikatazwa, na sababu yake ilieleweka: mchezo huu hunoga upesi, na kazi za shambani na malishoni zingekwama.

Lugha ya mtego

Vitenzi vinavyotumiwa katika mchezo huu vinatoka katika uwindaji. "Kutega" ni kuweka mtego, na "kutegua" ni kuufyatua au kuuondoa. Uhusiano wa vitenzi hivyo viwili ni sawa na wa "funga" na "fungua", au "ziba" na "zibua". Hivyo basi, lugha yenyewe humchukulia anayeuliza kama mwindaji, na anayejibu kama mtu anayejinasua.

Wakikuyu nao huanza kwa maneno "Gwata ndaĩ", yaani shika kitendawili, na msikilizaji hujibu kwamba ameshika. Hapa pia lazima wawepo wawili: anayerusha na anayedaka.

Aina za vitendawili

Wataalamu wa fasihi simulizi hugawa vitendawili kwa kuzingatia muundo wake. Baadhi ya aina hizo ni:

Vitendawili sahili. Hivi ni vifupi na huwa na wazo moja. Mfano: "Kuku wangu katagia miibani." Jibu ni nanasi. Mwingine: "Shamba langu kubwa lakini mavuno hayajazi mkono." Jibu ni nywele.

Vitendawili mkufu. Hivi huwa na sehemu kadhaa zinazofuatana, na kila sehemu huongeza dokezo. Mfano: "Nikisimama husimama, nikiketi huketi, nikiondoka huondoka pia." Jibu ni kivuli.

Vitendawili vya tanakali. Hivi hutegemea sauti. Mfano: "Parrr hadi Makka." Jibu ni utelezi. Sauti ya mtu anayeteleza ndiyo dokezo pekee alilopewa mteguaji.

Vitendawili simulizi. Hivi ni virefu, hutolewa kama kisa, na ufumbuzi wake hudai hoja wala si kulinganisha picha. Hapa ndipo kitendawili kinapokutana na chemshabongo.

Mafumbo ya kuvusha mto

Chemshabongo inayojulikana sana miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili ni ya mtu mwenye chui, mbuzi na majani. Amefika mtoni na kupata mtumbwi unaoweza kumchukua yeye pamoja na kimoja tu kati ya vitatu hivyo. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavukaje bila hasara?

Ufumbuzi wake una safari saba. Humvusha mbuzi kwanza, kwa kuwa chui hali majani. Hurudi peke yake. Humvusha chui, lakini hamwachi na mbuzi, bali humrudisha mbuzi ng'ambo ya kwanza. Humwacha mbuzi hapo na kuvusha majani. Hurudi peke yake tena, na mwishowe humvusha mbuzi.

Wengi hushindwa katika safari ya nne, ile ya kumrudisha mbuzi. Akili ya mtu hudhani kwamba kilichokwisha kuvushwa hakirudi. Fumbo hilo hufundisha kwamba nyakati nyingine kurudi nyuma ni sehemu ya kwenda mbele.

Si Waswahili pekee walio na fumbo hilo. Mkusanyo wa mafumbo kwa lugha ya Kilatini ambao kwa kawaida huhusishwa na mwalimu Alcuin wa York, aliyefariki mwaka wa 804, una fumbo kama hilo, ila wasafiri wake ni mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Kila jamii huvalisha fumbo wanyama na mimea inayoifahamu.

Chemshabongo nyingine hupima jinsi mtu anavyosikiliza. Baba wawili na wana wawili walikwenda kuwinda wakapata ndege watatu. Kila mmoja alirudi na ndege wake mzima. Iliwezekanaje? Walikuwa watu watatu tu: babu, mwanawe na mjukuu. Aliye katikati ni baba na pia ni mwana.

Michezo ya maneno

Kiswahili kina maneno mengi yenye maana zaidi ya moja, na maneno hayo ni hazina ya watunzi wa mafumbo. "Paa" ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni kuruka angani, na pia ni kuondoa magamba ya samaki. "Kaa" ni mnyama wa baharini, ni kipande cha mkaa, na pia ni kuketi. Mtu akiulizwa ni kaa yupi asiyeogopa maji na ni kaa lipi linaloyaogopa, hana budi kutofautisha ngeli za nomino pamoja na maana zake. Upatanisho wa kisarufi wenyewe humpa dokezo.

Mchezo mwingine ni kinyume, ambapo silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzoni. "Nyumba" huwa "mbanyu", na "kitabu" huwa "bukita". Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19, alinakili mifano ya mchezo huo katika kitabu chake kuhusu lugha ya Kiswahili. Wanaojua kinyume waliweza kuzungumza mbele ya wengine bila kueleweka. Huu nao ni mtego, ila hapa anayetegwa ni yule asiyealikwa katika mazungumzo.

Kutegana kwa watu wazima

Ni kosa kudhani kwamba mafumbo ni ya watoto tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alitunga mashairi yenye mafumbo wakati ambapo Mombasa ya Wamazrui ilihasimiana na Lamu na Zanzibar. Katika mazingira hayo, fumbo lilikuwa silaha. Lilimwezesha mshairi kusema kwa uficho, huku walengwa wakielewa.

Desturi ya malenga kujibizana iliendelea magazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka wa 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na kurasa za ushairi katika magazeti ya Kiswahili zikawa uwanja wa kuulizana na kujibizana. Malenga hutunga swali kwa vina na mizani, naye mwenzake wa mji wa mbali hujibu kwa vina na mizani.

Wakikuyu walikuwa na gĩcandĩ, utungo mrefu wa mafumbo ulioendeshwa na washindani wawili. Kila mmoja alishika kibuyu kilichochorwa alama, na aliyeshindwa kufumbua alipokonywa kibuyu chake na mshindi. Kama ilivyo kwa mji katika kitendawili cha Kiswahili, kushindwa kulikuwa na gharama.

Jibu moja au mengi?

Shuleni, vitendawili vimehifadhiwa na wakati huohuo vimebadilishwa. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, watahiniwa walitakiwa kutegua vitendawili kwa kuchagua jibu moja kati ya manne. Wanafunzi wengi walijiandaa kwa kukariri orodha: kitendawili upande wa kushoto, jibu upande wa kulia.

Njia hiyo ina faida. Mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye hakukaa na bibi yake, hupata angalau kusikia vitendawili hivyo. Hata hivyo, kuna kinachopotea. Mtoto akijibu kuwa nyumba isiyo na mlango ni kaburi, mtihani utamkosoa, kwa kuwa jibu lililozoeleka ni yai. Jioni nyumbani, anaweza kuulizwa sababu, akajitetea, na waliopo wakaamua iwapo hoja yake inasimama. Kujitetea huko ndiko mazoezi ya kufikiri yenyewe. Aliyekariri jibu hakutegua, bali alikumbuka.

Kitendawili cha mafiga kinaonyesha tatizo jingine. Mtoto anayeishi katika nyumba inayopikiwa kwa gesi huenda hajawahi kuona mawe matatu yakibeba chungu. Kwake, "mafiga" ni neno tu. Orodha haitamsaidia. Anahitaji mtu wa kumweleza kwamba jiwe moja likiondolewa chungu huanguka, na hapo ndipo fumbo litakapomwingia. Kwa hiyo, uhai wa vitendawili vya kale unategemea mazungumzo baina ya vizazi.

Kwa upande mwingine, vitendawili havikukoma kutungwa. Kile cha askari wote waliovaa kofia, ambacho jibu lake ni njiti za kibiriti, kilizaliwa baada ya kibiriti cha dukani kuingia nyumbani. Hali kadhalika, mtoto wa leo anaweza kutega hivi: "Hulala kando ya kichwa changu, hufunga macho kabla yangu, lakini ndiye huniamsha." Jibu ni simu. Kanuni ni ileile: kutazama kifaa cha kawaida hadi kionekane kigeni.

Kuendesha kikao

Familia, chama cha Kiswahili shuleni au kikundi cha marafiki kinaweza kuendesha kikao kwa kufuata kanuni chache:

1. Mtegaji awe na jibu na sababu yake. Asiyeweza kueleza kwa nini jibu linafaa hana haki ya kudai mji.

2. Wateguaji wapewe muda. Anayejua jibu asilipayuke kabla wenzake hawajajaribu.

3. Jibu lisilozoeleka lisikataliwe kwa kuwa ni geni tu. Aliyelitoa aulizwe hoja yake, na waliopo waamue.

4. Simu ziwekwe kando. Anayetafuta jibu kwenye intaneti hunyima kikao kizima nafasi ya kufikiri, na hatoi mji.

5. Zamu zizunguke, ili mtoto mdogo naye apate kuwatega wakubwa.

Kanuni hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Ni mara chache mtoto huwa na jambo ambalo mzazi wake halijui, akamwacha ahangaike na kumdai malipo. Katika kitendawili, baba mzima hulazimika kusema ameshindwa na kumpa bintiye mji wa Mombasa, naye binti huupokea, husafiri, hula na kunywa, kisha hurudi na jibu.