Kongwa: Si Kila Mtoto ni Wastani

Wengi wetu tunaikumbuka Kongwa kwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mradi mkubwa wa kilimo, na mwaka 1951 serikali yao ikautupa. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo mvua. Mkaranga hauoti kwa wastani wa mvua wa miaka mingi. Unataka maji ya wiki hii.

Somo hilo lilinirudia nikiwa katika zahanati moja ya Ugogoni. Mama alimleta mtoto mwenye trakoma, yaani ugonjwa wa vikope. Nesi akamkemea mbele ya watu: "Ungekuwa unamnawisha uso, asingeugua!" Mama akajibu kwa sauti ya chini: "Namnawisha, nesi. Maji nayafuata mbali, lakini namnawisha." Hakuna aliyemwamini.

Kemeo lile lina historia yake, na historia hiyo ni ya Kongwa yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Sheila West, walichukua vijiji 6 vya wilaya hiyo. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vitatu, kwa kura, vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Watoto 1,417 wa umri wa mwaka 1 hadi 7 wakafuatiliwa mwaka mzima.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet. Trakoma kali ilipungua zaidi kwenye vijiji vya kampeni. Lakini ukihesabu trakoma yote, kali na isiyo kali, tofauti baina ya vijiji haikuwa dhahiri.

Utafiti ule ulijibu swali la mganga mkuu wa wilaya: nifanye nini kwa vijiji vyangu? Ulijibu vizuri, na leo usafi wa uso umo katika mkakati wa Shirika la Afya Duniani, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira. Haukujibu swali la nesi: kwa nini mtoto huyu anaumwa? Vijidudu vya trakoma hupita pia kwenye mikono, nguo na inzi. Mtoto aliyenawishwa asubuhi huweza kulala usiku na ndugu yake mgonjwa.

Simwambii mama yeyote aache kunawisha; trakoma ikirudia-rudia hupofusha. Nasema tu kwamba takwimu zilivihesabu vijiji, hazikumwona mama huyu. Kabla ya kumkemea tumuulize: maji unayachota wapi, na nyumbani ni nani mwingine anayeumwa macho?