Namba ya Majaribio: Historia ya Anwani za Intaneti

Mfumo wa simu uliojengwa katika karne ya 20 uliegemea kanuni moja, kwamba watu wawili wanaozungumza hutengewa njia yao peke yao tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho, hata pale wanapokaa kimya, na kwamba vituo vikubwa vya kuunganishia simu ndivyo vinavyojua nani yuko wapi. Intaneti ilizaliwa kwa kuikataa kanuni hiyo. Ndani yake hakuna anayetengewa njia. Ujumbe hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti huandikwa namba ya inakotoka na namba ya inakokwenda, kisha hupita kwa mashine moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja kati ya mashine hizo inayoijua safari yote. Namba hizo ndizo anwani za intaneti, na ukubwa wake ulipangwa na watafiti wachache waliodhani kwamba wanafanya jaribio tu, jambo linaloeleza kwa nini mtandao wa leo umejaa viraka ambavyo mtumiaji wa kawaida havioni.

Wazo la kuukata ujumbe vipande lilizuka mara mbili, katika nchi mbili, kwa sababu mbili zisizofanana. Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND nchini Marekani, alikuwa akitafuta namna mawasiliano ya kijeshi yangeweza kustahimili shambulio la nyuklia, na katika ripoti zilizochapishwa mwaka 1964 alipendekeza mtandao wenye umbo la wavu, usio na kitovu ambacho kikipigwa kila kitu husimama. Donald Davies wa National Physical Laboratory, Uingereza, aliyelifikia wazo hilo mwaka 1965 bila kuifahamu kazi ya Baran, hakuwa akiwaza vita hata kidogo. Kilichomsumbua ni kwamba kompyuta huzungumza kwa vipindi vifupi vyenye ukimya mrefu katikati, hivyo kuitengea njia ya simu muda wote ni ufujaji, na ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti. Simulizi maarufu kwamba intaneti ilijengwa ili iokoke katika vita vya nyuklia inachanganya kazi ya Baran na mtandao uliokuja kujengwa baadaye kwa lengo la kawaida zaidi, yaani kuwawezesha watafiti kutumia kompyuta za mbali.

Mtandao huo, ARPANET, uliogharimiwa na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulipitisha ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969 kati ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Stanford Research Institute, na kufikia mwisho wa mwaka ulikuwa na vituo vinne. Kompyuta kubwa za vyuo hazikuunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kila kituo kiliwekewa kompyuta ndogo iliyoitwa IMP, iliyoandaliwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman, ambayo kazi yake ilikuwa kupokea pakiti, kutazama inakokwenda na kuikabidhi kwa jirani anayefaa, kazi ambayo leo hufanywa na mashine ziitwazo ruta. Anwani ya wakati huo ilikuwa na biti 8. Biti ni tarakimu moja inayoweza kuwa 0 au 1, na kila biti inayoongezwa huifanya idadi ya namba zinazowezekana kuwa mara mbili ya ile ya awali. Kati ya biti hizo 8, biti 6 zilitaja IMP na biti 2 zilitaja kompyuta iliyofungwa kwenye IMP hiyo, hivyo mtandao mzima haukuweza kuzidi IMP 64 zenye kompyuta 4 kila moja.

Mitandao mingine ilipoanza kujengwa, ikiwemo CYCLADES ya Ufaransa iliyoongozwa na Louis Pouzin, swali liligeuka: si tena namna ya kuunganisha kompyuta, bali namna ya kuunganisha mitandao isiyofanana, kila mmoja ukiwa na taratibu zake. Vinton Cerf na Robert Kahn walitoa jibu katika makala waliyoichapisha Mei 1974. Walipendekeza kwamba mitandao iachwe ilivyo, mipakani mwake ziwekwe mashine za kuipokeza pakiti kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na anwani igawanywe sehemu mbili, ya kwanza ikitaja mtandao na ya pili ikitaja kilichomo ndani ya mtandao huo, ili mashine ya mpakani isilazimike kuijua kila kompyuta duniani bali ijue tu upande uliko mtandao husika. Mgawanyo huo ndio moyo wa mfumo wote, na haujabadilika hadi leo. Idadi ndiyo iliyobadilika, kwani makala hiyo ilitenga biti 8 kwa ajili ya kutaja mitandao, yaani mitandao 256, na waandishi wake waliiona kuwa inatosha kwa siku za usoni zinazoweza kutabirika.

Toleo la anwani linaloendelea kutumika hadi sasa lina biti 32, na linatokana na uamuzi uliofikiwa mwaka 1977, baada ya mabishano ambamo baadhi ya watafiti walitaka anwani za urefu unaobadilika na wengine walitaka biti 128. Cerf, aliyekuwa akiongoza mradi wa kuunganisha mitandao, alichagua 32, na baadaye ameeleza mara nyingi kwamba aliona anachagua namba ya kufanyia majaribio, ambayo ingepitiwa upya siku ya kujenga mtandao halisi. Siku hiyo haikufika. Waraka rasmi wa itifaki ya IP, yaani kanuni zinazotawala umbo la pakiti na anwani zake, ulihaririwa na Jon Postel na kutolewa Septemba 1981, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET yote ikahamia kwenye kanuni hizo. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296, ambazo kwa urahisi wa kusomeka huandikwa kama namba nne zenye nukta katikati, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Mwaka 1977 hesabu hiyo ilionekana kama bahari isiyokauka, ingawa hata wakati huo idadi ya binadamu ilikuwa inaikaribia.

Ruta inapopokea pakiti husoma anwani ya inakokwenda, huilinganisha na jedwali lililomo katika kumbukumbu yake, ambalo kila mstari wake hutaja kundi la anwani na jirani anayeelekea huko, kisha huitoa pakiti kupitia mlango wa jirani huyo na kuisahau. Haiulizi kama ilifika. Kazi ya kuhakikisha kwamba ujumbe umefika mzima, na ya kutuma tena kilichopotea, imeachiwa kompyuta mbili zilizo kwenye ncha za mazungumzo, ambazo hutumia itifaki ya pili iitwayo TCP. Na kwa kuwa majedwali yanaweza kukosea, ruta A ikadhani njia ni kwa B huku B ikidhani njia ni kwa A, kila pakiti huanza safari na namba isiyozidi 255, ambayo kila ruta huipunguza kwa moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa, la sivyo ingezunguka milele.

Namna majedwali yanavyojazwa ndiyo iliyowaumiza wahandisi vichwa zaidi. Mwanzoni kila IMP ya ARPANET iliwaambia majirani zake makadirio yake ya umbali hadi kila kituo, na majirani wakayaamini, utaratibu uliokuwa mwepesi lakini wenye kasoro moja kubwa, kwamba habari za njia iliyokatika zilisambaa polepole na kwa kupotoshana. Kuanzia mwaka 1979 ulibadilishwa: kila IMP ikawa inatangaza kwa mtandao mzima hali ya nyaya zake yenyewe tu, na kila moja ikachora ramani yake kutokana na matangazo hayo. Ili tangazo la zamani lisifute jipya, kila tangazo lilipewa namba ya mfuatano kati ya 0 na 63, na baada ya 63 hesabu ilirudi 0. Kwa kuwa hesabu huzunguka, iliwekwa kanuni kwamba namba kubwa ni mpya zaidi iwapo tofauti haizidi 32, na tofauti ikizidi hapo, ndogo ndiyo mpya.

Tarehe 27 Oktoba 1980 kanuni hiyo iliusimamisha mtandao wote kwa saa kadhaa. Kumbukumbu mbovu ya IMP moja ilidondosha biti katika matangazo ya jirani yake, na kutokana na tangazo namba 44 yakazaliwa mengine mawili, namba 40 na namba 8. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: 44 ni mpya kuliko 40 na 40 ni mpya kuliko 8, lakini 8 nayo ni mpya kuliko 44, kwa sababu tofauti yake ni 36. Kila IMP ilipokea moja, ikaiona mpya, ikaisambaza, ikapokea ya pili, ikaiona mpya zaidi, na mzunguko huo ukazimeza nguvu zote za mashine hata nafasi ya pakiti za kawaida isibaki. Kuizima na kuiwasha tena IMP moja hakukusaidia, kwani majirani waliijaza upya papo hapo, hivyo ikalazimu programu za IMP zirekebishwe ili zipuuze matangazo ya kituo kile. Mtandao usio na kitovu cha kupigwa ulikuwa umeangushwa na biti chache.

Anwani zenyewe ziligawanywa awali kwa madaraja matatu. Mtandao wa daraja A ulipata anwani zaidi ya milioni 16, wa daraja B zaidi ya 65,000, na wa daraja C 254 tu zinazotumika, kana kwamba taasisi za duniani huja kwa vimo vitatu pekee. Chuo chenye kompyuta 1,000 kilikuta C ni ndogo mno, kikaomba B na kuacha anwani 64,000 bila kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawa dhahiri kwamba daraja B lingekwisha. Mwaka 1993 madaraja yalifutwa, kundi la anwani likaruhusiwa kuwa la ukubwa wowote ambao ni matokeo ya kuzidisha moja kwa mbili tena na tena, na ruta zikapewa kanuni mpya kwamba anwani ikiangukia katika mistari miwili ya jedwali, mstari wa kundi dogo zaidi ndio unaofuatwa.

Kanuni hiyo ina mantiki, lakini inategemea uaminifu. Mitandao mikubwa hutangaziana makundi yake kwa itifaki iitwayo BGP, ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora Januari 1989 mjini Austin, Texas, kwenye karatasi za mezani za kupangusia mikono, na ambayo katika umbo lake la asili haina namna ya kuthibitisha kwamba anayetangaza kundi ndiye mwenye nalo. Februari 2008, katika kutekeleza amri ya serikali ya kufunga YouTube ndani ya Pakistani, Pakistan Telecom ilitangaza kundi la anwani 256 lililokuwa ndani ya kundi la anwani 1,024 za YouTube. Tangazo likavuja nje ya nchi, ruta za dunia zikafuata kundi dogo kama zilivyofundishwa, na kwa takribani saa mbili YouTube haikupatikana katika sehemu kubwa ya dunia.

Kufuta madaraja kulipunguza kasi ya kuisha kwa anwani lakini hakukuongeza hata moja. Kiraka kilichofuata, kilichoelezwa mwaka 1994, kiliruhusu kompyuta nyingi kujificha nyuma ya anwani moja, kwa mtindo ule ule wa shule ya bweni ambayo wanafunzi wake wote hupokea barua kupitia S.L.P. moja na ofisi ya shule ndiyo inayojua ipi ni ya nani. Ndiyo maana anwani zinazoanza kwa 192.168 huonekana katika mamilioni ya nyumba bila kugongana, kwa kuwa hazitoki nje ya kuta zake. Tiba kamili, itifaki mpya yenye anwani za biti 128, ilichapishwa Desemba 1995, lakini walioitunga hawakuifanya izungumze moja kwa moja na ile ya zamani, na aliyehamia bado alihitaji anwani ya zamani ili awafikie wasiohama. Kiraka kilifanya kazi vizuri kupita kiasi, na tiba ikacheleweshwa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii ikiwa na tatizo la njia kabla ya tatizo la namba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilipanda kwenye setilaiti, ikafika ng'ambo, kisha ikarudi, kwa sababu kampuni hizo hazikuwa na mahali pa kukutanisha ruta zao. Kituo cha kubadilishana pakiti, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na mamlaka ya mawasiliano mwezi uliofuata baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za baharini zilifika pwani ya Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009.

Namba nazo zilitolewa na ofisi za Ulaya na Marekani hadi mwaka 2005, AFRINIC yenye makao yake Morisi ilipotambuliwa kuwa msajili wa bara zima. Hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake matano ya mwisho tarehe 3 Februari 2011, fungu moja kwa kila msajili wa kanda, na la Afrika ndilo lililodumu kuliko mengine. Namba zilipoadimika zikawa bidhaa: mwaka 2017 chuo cha MIT, kilichopewa daraja A zima enzi za majaribio, kilitangaza kuuza takribani anwani milioni 8 ambazo hakikuwahi kuzitumia, na sehemu yake ikanunuliwa na Amazon. Tangu Januari 2020 anayeomba anwani za biti 32 kwa AFRINIC hapewi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja.