Waya wa Katikati

Lori la marehemu baba limeegeshwa Kansay, nyuma ya nyumba, chini ya mgrivea. Desemba iliyopita nilipokwenda likizo, baba mdogo aliniomba nimsaidie kulifunga redio mpya. Alikuwa amepata dereva wa kulirudisha barabarani, libebe mahindi na mbaazi hadi Karatu mjini, na dereva alikuwa ametoa sharti moja: haendeshi gari lisilo na muziki.

"Wewe si uko chuo kikuu?" aliniuliza.

Nikamwambia kwamba nasoma historia.

"Basi njoo. Nyaya zenyewe ni za zamani."

Redio ya zamani, ya kaseti, ilikuwa haisemi tena, ingawa saa yake ilikuwa bado inawaka mchana na usiku. Tuliichomoa. Nyuma ya redio mpya palikuwa na rangi ambazo fundi yeyote anazijua: waya wa njano unataka umeme wakati wote ili redio ikumbuke saa na stesheni, mwekundu unataka umeme ufunguo ukishawashwa, mweusi ni ethi, unaokwenda kwenye bodi ya gari. Ndani ya tundu la dashibodi rangi hazikuwa na maana yoyote. Waya mwekundu ulikuwa wa spika. Tepu nyeusi ilikuwa imeyeyuka na kunata vidoleni kama gundi.

Tukaunganisha kwa kubahatisha. Redio ikawaka. Tulipowasha injini ikaanza kulia kama nyuki, na mlio ukapanda kila baba mdogo alipokanyaga mafuta. Tulipowasha taa kubwa, redio ikazimika.

Darasani tunafundishwa kuanza na chanzo, si na simulizi. Nikaazima mita ya jirani. Ethi ilikuwa imefungwa kwenye skrubu iliyoshika kutu juu ya rangi, tena ikichangiwa na taa. Tukasugua bati kwa msasa mpaka likang'aa, tukafunga skrubu mpya. Taa zikawaka bila kuizima redio, na mlio ukapungua sana. Ndipo nikapima waya wa umeme wenyewe. Mita ikasoma volti 12.

Hapo nikasimama. Lori lile ni la volti 24. Hizo 12 zilitoka wapi?

Injini kubwa ya dizeli ni nzito kuwasha, kwa hiyo malori mengi hufungwa betri mbili za volti 12, hasi ya moja ikishikana na chanya ya nyingine, na kwa pamoja zinatoa 24. Redio za magari madogo ni za volti 12. Dereva wa lori aliyetaka kufunga redio ya namna hiyo alihitaji kipunguza volti, au ujanja. Ujanja ni kuvuta waya kutoka pale katikati, betri mbili zinaposhikana. Ukipima kutoka hapo hadi kwenye bodi, unapata 12. Tuliufuata waya ule chini ya kapeti la kebini mpaka kwenye sanduku la betri. Ulikuwa umefungwa katikati kabisa, kwa fundo ambalo baba mdogo alilitambua.

"Hii ni kazi ya kaka," alisema.

Kwa nini baba alifunga redio ya gari dogo kwenye lori? Jibu linapita katika historia ya nchi. Tangu 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio ya ndani kwa Mtanzania wa Bara ilikuwa na mwenyewe mmoja. Kuanzia 1965 iliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bidhaa nazo zilikuwa adimu mpaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza mizigo. Katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na baada yake, magari yaliyotumika Japani yakazidi kuingia. Yalitufaa bila kubadilishwa, maana Wajapani nao huendesha kushoto, usukani ukiwa kulia.

Redio zake zilikuja na kilema. FM ya Japani iliishia megahezi 90, kwa sababu juu ya hapo palikuwa na chaneli zao za televisheni. Yetu inafika 108. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ikafungua mlango, Radio One ikaanza 1994, na stesheni nyingi za FM zilizofuata zikawa nje ya masikio ya redio hizo, labda fundi akuongezee bendi ekspanda.

Redio ya baba ilikuwa mojawapo. Aliinunua Arusha kabla sijazaliwa, imetolewa kwenye gari dogo, kwa bei aliyoimudu. Kwenye FM ilikoroma tu. Alisikiliza AM, hasa usiku, mawimbi ya kati yanapodunda angani na kufika mbali. Mama husimulia kwamba Oktoba 1999 majirani walikaa kulizunguka lori, mlango ukiwa wazi, wakifuatilia msiba wa Mwalimu Nyerere.

Waya ule basi haukuwa upumbavu. Lakini ulikuwa na deni. Altaneta huchaji betri zote mbili kwa pamoja na kuangalia jumla tu. Redio inakula kwenye betri moja. Injini ikiwa inaunguruma nilipima: jumla volti 27.9, ambayo ni sawa. Kisha nikapima moja moja. Betri ya juu ilikuwa na 15.3, ya chini 12.6. Moja inalishwa mpaka inachemka, nyingine inalala njaa, na zote baba mdogo alikuwa amezinunua siku moja, miezi mitatu kabla.

Nikakumbuka utoto wangu. Nikiwa darasa la tatu nilitumwa dukani kununua maji ya betri, na siku zote yalimiminwa kwenye betri ileile. Nyingine ndiyo iliyokuwa ikifa. Baba alibadilisha betri moja tu kila mara, akilaani wauzaji. Mwishowe, asubuhi moja lori lilipokataa kuwaka likiwa na shehena ya vitunguu vya Mang'ola, alimlaumu utingo wake kwamba analala kwenye kebini na kuacha redio ikiimba usiku kucha. Vitunguu viliharibika. Utingo akafukuzwa, akaenda kulima, na kwa miaka mingi ndugu hawa wawili hawakula meza moja. Utingo huyo alikuwa baba mdogo.

Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba mita. Akapima mwenyewe betri ya kwanza, akapima ya pili, akarudia.

"Kwa hiyo kaka hakujua."

"Hakujua, baba."

"Na mimi sikuacha redio."

"Hata ungeizima, saa yake ilikuwa inakula betri ileile. Na ikipigwa mchana, njaa inabaki."

Kesho yake tulinunua kipunguza volti Karatu, kiboksi chenye mapezi ya kupoozea joto, kinachokula sawasawa kwenye betri zote mbili. Baba mdogo aliukata waya wa katikati kwa koleo, polepole. Lakini jioni ile ya kwanza, kabla hajaukata, alitembea mpaka mlango wa jikoni na mita mkononi.

"Shemeji," aliita, "njoo mara moja. Kuna kitu nataka ukisome mwenyewe."