Pampu ya Kijiji: Spana Iko kwa Nani?

Leo tunaanza na swali. Pampu ya mkono unayochotea maji ikigoma kesho asubuhi, nani ataifungua? Kama unalijua jina lake na nyumba yake, kijiji chako kina bahati. Kama jibu lako ni kwamba mtasubiri gari la mradi, endelea kusoma, maana historia ya vyombo vya kuinua maji ina neno kwako.

Tuanzie mbali kidogo. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakulima wa kando ya mto Nile walikuwa wakitumia shadufu: mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo, ncha moja ina kamba na ndoo, ncha ya pili ina jiwe au donge la udongo. Mtu huvuta ndoo chini, na uzito wa jiwe humsaidia kuipandisha. Baadaye ikaja sakia, gurudumu lenye vyungu linalozungushwa na ng'ombe. Shadufu iliinua maji mita chache tu, lakini kamba ikikatika, mwenye shamba alisuka nyingine. Chungu cha sakia kikivunjika, mfinyanzi alikuwa jirani.

Pampu yenye pistoni nayo si ya jana. Ctesibius, fundi wa Alexandria huko Misri, anatajwa kuwa aliibuni katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kwa muda mrefu mafundi walishangazwa na jambo moja: pampu iliyo juu ya kisima, inayonyonya maji kutoka chini, haikuweza kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, hata ikiwa nzima kabisa. Galileo aliandika juu ya kikomo hicho mwaka 1638, na miaka michache baadaye msaidizi wake, Torricelli, akaonesha sababu. Uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji juu ya bomba, na nguvu yake ina mwisho. Kwenye miinuko hewa ni nyepesi zaidi. Goma, mji ulio takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hata pampu isiyo na dosari hainyonyi maji kutoka mita 9.

Kwa hiyo visima virefu vilidai mpango mwingine. Silinda na pistoni hushushwa chini kabisa, ndani ya maji, na fito za chuma huunganisha pistoni na mpini ulio juu. Hivyo maji yakapatikana kutoka mita 30, 40 na zaidi. Lakini sehemu zinazochakaa haraka, yaani mpira wa pistoni na vali, sasa ziko mahali ambapo mkono haufiki. Ili kubadilisha mpira mdogo, mara nyingi ililazimu kung'oa bomba zima la chuma, kipande baada ya kipande.

Hapo ndipo India ilipokwama. Baada ya ukame wa miaka ya 1960, serikali na UNICEF walileta mashine za kuchimba visima kwenye miamba migumu. Visima vikafungwa pampu za chuma zilizoiga pampu za mashambani za Ulaya na Marekani. Pampu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya familia moja na mifugo yake; kijijini zikapewa kazi ya mamia ya watu. Ukaguzi wa mwaka 1974 ulikuta nyingi kati yake hazifanyi kazi.

Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kuupima mwenyewe. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada yaliuandaa baada ya maafa ya Rwanda na Goma ya mwaka 1994, unataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500. Hizo ni lita 7,500. Kwa pampu inayotoa lita 17 kwa dakika, ni zaidi ya saa 7 za kupiga mpini bila kupumzika, kila siku ya Mungu. Na pampu hiyo ikifa, watu 500 wanarudi mtoni au ziwani na madumu yao. Wenyeji wa Kivu hawahitaji kuelezwa maana yake. Julai 1994 wakimbizi walikuwa na Ziwa Kivu mbele ya macho yao, lakini maji yaliyosafishwa hayakuwatosha. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache.

Jibu la India lilikuwa uimara. Mafundi walianza na pampu iliyobuniwa Sholapur, jimboni Maharashtra, wakaiboresha mpaka ikawa India Mark II: kichwa cha chuma imara, beringi zilizofungwa vizuri na mnyororo unaovuta fito wima. Pampu hiyo ilienea India yote, kisha Afrika. Ile inayoitwa U2 huko Uganda ni ya ukoo huo. Hata hivyo, chuma imara nacho huchakaa. Ilipoharibika chini, mabomba yake mazito bado yalihitaji kikosi cha mafundi, vifaa vya kuinulia na gari. Na gari, kama unavyojua, hufika likipata mafuta na barabara ikikauka.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulianza mwongo wa maji ya kunywa na usafi. Wahandisi wakajiuliza: je, tunaweza kutengeneza pampu ambayo wanaoitumia wataifungua wenyewe? Kazi ilianzia Malawi, ikaendelea Kenya, ambako pampu zilijaribiwa katika vijiji vya Kwale, kusini mwa Mombasa. Matokeo yake ni Afridev. Bomba lake ni la plastiki, nalo ni pana kiasi cha pistoni kupita ndani yake. Unavuta fito, pistoni inapanda nazo, bomba linabaki kisimani. Vali ya chini huopolewa kwa fito yenye ndoano. Spana inayohitajika ni moja. Michoro yake ni huru, karakana yoyote inaweza kuitengeneza. Kwale wanawake walifundishwa ufundi huo, nao ndio wachotaji: wao ndio wa kwanza kuhisi mpini umebadilika.

Lakini mafunzo peke yake hayakutosha. Fundi huhama, spana hupotea, duka la vipuri liko mbali, na mfuko wa kamati huwa mtupu siku ya haja. Miaka ya 2010, huko Kyuso katika kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka ndani ya mipini vifaa vinavyotuma taarifa kwa mtandao wa simu, wakaweka na mafundi wa kuzishughulikia. Muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya siku 3. Kifaa kilipeleka habari tu. Aliyeirudisha pampu kazini ni mtu anayejulikana, mwenye vipuri mkononi na malipo yake.

Basi kamati ya maji ikikaa, uliza mambo matatu: spana iko kwa nani, mpira na vali za akiba ziko wapi, na fedha za matengenezo ni kiasi gani leo. Ukiona mnapiga mpini mara nyingi kabla maji hayajatoka, huenda vali ya chini inavuja. Semeni siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pampu iliyokufa ni watu 500 njiani kwenda mtoni.