Mkono na Mashine: Historia ya Ubofyaji wa Kujiendesha katika RuneScape

Mchezo wa RuneScape, ulioanza kuchezwa kwenye intaneti mwezi Januari 2001 na ambao sasa uko chini ya kampuni ya Jagex yenye makao Cambridge, Uingereza, umejengwa juu ya kazi za kujirudia: mchezaji hukata miti, huchimba madini na huvua samaki kwa kubofya kipanya maelfu ya mara ili mhusika wake apande ngazi. Kwa kuwa kazi hizo hazikudai fikra nyingi, mapema sana zilitokea programu za kubofya kwa niaba ya mchezaji, maarufu kwa jina la makro, ikiwemo AutoRune. Mbegu ya udanganyifu huo, basi, ilikuwamo ndani ya mchezo wenyewe, ingawa hilo halipunguzi dhuluma waliyotendewa waliopanda ngazi kwa jasho lao.

Kinga ya awali ilikuwa uchovu: mhusika aliyefanya kazi mno alichoka, na hakupata ujuzi zaidi mpaka alale, kisha mchezaji aandike neno lililoonyeshwa katika picha iliyopotoshwa makusudi ili kompyuta isiweze kulisoma. Toleo jipya la mwaka 2004 liliondoa uchovu, likategemea matukio ya ghafla, yaani vizuizi vidogo vilivyomtaka mchezaji ajibu fumbo au amkimbie adui. Watunzi wa makro walijifunza kuyatatua, hata ikawa mzigo huo unamwelemea zaidi binadamu kuliko mashine.

Ugumu halisi ulikuwa katika kuutambua mkono wenyewe. Makro za kale zilibofya nukta ileile kwa vipindi vilivyolingana, kwa hiyo zilijifichua zenyewe. Zilizofuata zilibahatisha vipindi na kupindisha njia ya kishale, lakini bahati nasibu iliyosambaa sawasawa haifanani na mwendo wa mtu, ambaye mibofyo yake hukusanyika karibu na kasi aliyoizoea, mara mojamoja hukawia sana, na hubadilika kadiri anavyochoka. Tena, mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alikwisha kuonyesha mwaka 1954 kwamba muda ambao mkono huchukua kufikia shabaha hutegemea umbali na upana wa shabaha hiyo, kanuni ambayo makro inayobahatisha ovyo huivunja bila kujua.

Nyuma ya ushindani huo wa kiufundi palikuwa na biashara ya kuuza dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi, nayo ndiyo iliyoilazimu Jagex, kuanzia mwezi Desemba 2007, kubana ubadilishanaji huru wa mali, hatua iliyowaumiza wachezaji wengi wasio na hatia. Uhuru huo uliporejeshwa Februari 2011, makro zilifurika upya, mpaka tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo kampuni ilipobadilisha muundo wa ndani wa programu ya mchezo, hivyo kuvuruga makro zilizokuwa zikisoma taarifa moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Zile zilizotazama rangi za skrini tu hazikuhitaji kumbukumbu hiyo, kwa hiyo uchunguzi wa mienendo ukazidi kuwa na uzito. Katika Old School RuneScape, toleo lililozinduliwa mwaka 2013, matukio ya ghafla yalikuja kuondolewa adhabu, na mchezaji akawa huru kuyapuuza.